Mbao za alumini kwenye mashua ya tanga: upana wake, na namna ya kuutawala moto

Mtu akisikia mashua ya alumini, swali lake la kwanza ni kama itavuja. Kuvuja ni tatizo dogo, hurekebishwa kabla ya chai. Kinachoharibu bodi ni mvuto wa mshono unapopoa. Ukichomelea mbao mbili za unene wa milimita 5, mshono ukipoa huzivuta zikaribiane kwa milimita 1 hivi, mara nyingine 1.5. Kwa mishono 8 kila upande, tumbo la mashua limepungua sentimita nzima. Mataruma, yaani mifupa ya ndani ya mashua, hayajapungua hata kidogo, kwa hiyo bati linajikaza juu yake, na mashua inatokeza mbavu kama ng'ombe wa kiangazi. Hakuna rangi itakayozificha.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba maamuzi mawili ndiyo yanayobeba kazi yote: mbao ziwe na upana gani na wapi, na mishono ichomelewe kwa mpangilio upi. Mengine yote fundi mzuri wa jua kali atayapata akiwa kazini.

Tuanze na upana. Chukua karatasi ya daftari uizungushe kwenye debe: inalala vizuri bila mkunjo. Ijaribu kwenye chungwa, itajikunja tu. Bati la alumini lina tabia ileile. Linakubali kupinda upande mmoja, halikubali kupinda pande mbili kwa wakati mmoja. Sehemu nyingi za mashua ni kama debe: ubavu wa juu, na sakafu ya chini karibu na mkuku, uti wa chini wa mashua. Sehemu iliyo kama chungwa ni pale tumbo linapogeuka kutoka chini kwenda ubavuni, pamoja na mita moja na nusu ya mwanzo kule omo, yaani mbele. Hapo ndipo mbao nyembamba zinapohitajika, kwa sababu ubao wa milimita 150 ukiutazama peke yake unakaribia kuwa bapa, na mkono wa mtu mmoja pamoja na jiriwa mbili unatosha kuulaza.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye michoro ni kufunika mashua nzima kwa mbao nyembamba kwa sababu zinapendeza, au kwa sababu ndivyo mashua za mbao za Dunga na Mbita, kando ya Ziwa Victoria, zinavyojengwa. Seremala wa Dunga anazo sababu zake, mti haupatikani kwa upana wa mita moja. Alumini inapatikana. Piga hesabu ya mashua ya mita 8 yenye mzunguko wa mita 1.8 kutoka mkuku hadi ukingo wa juu. Ukitumia mbao za milimita 150 kila mahali, unapata mbao 12 kila upande na mishono 11. Kwa urefu wa wastani wa mita 7.5, pande zote mbili zinakupa mita 165 za mshono, nao kila mmoja unachomelewa nje na ndani, jumla mita 330. Sasa weka ubao mmoja wa milimita 500 chini, mbao nne za 150 kwenye mgeuko, na bati moja la 700 ubavuni. Mishono inakuwa 5 kila upande, mita 75 kwa jumla, yaani 150 ukihesabu nje na ndani. Moto umepungua zaidi ya nusu, na mashua kwa macho ni ileile.

Kwa ukubwa huo ningetumia milimita 5 kwa sakafu na mgeuko, milimita 4 kwa ubavu, na milimita 10 kwa ubao wa mkuku ulio katikati. Bati la 5 lina uzito wa kilo 13.3 kwa mita ya mraba, la 4 kilo 10.6. Ngozi yote inafika kilo 330 hivi. Kwa chuma cha milimita 3 ingekuwa kilo 630 au zaidi, na tofauti hiyo ni watu wanne wazima pamoja na nyavu zao. Karatasi za mita 3 kwa 1.5 zinazohitajika ni 5 za milimita 5 na 3 za milimita 4. Hapo nimehesabu pia makombo yatakayotupwa, na kipande kikubwa kitakachobaki ndicho ubao wa tezi, yaani wa nyuma.

Aina ya alumini haina mjadala. Tafuta 5083 yenye alama ya H116 au H321 iliyochapwa kwenye bati lenyewe, pamoja na cheti cha kiwanda. Cheti kihifadhi, kwa sababu KMA, mamlaka ya serikali inayokagua na kusajili vyombo vya majini, ina haki ya kuuliza mashua imetengenezwa kwa kitu gani. Alumini ya sufuria haifai, wala iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, maana hakuna ajuaye ina shaba kiasi gani ndani, na shaba ndani ya alumini ni ugonjwa wa kutu. Vilevile jihadhari na vipande bapa vya alumini ya 6061. Vinauzwa sana na ni vigumu kabla ya moto, lakini karibu na mshono vinapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Ni heri kukata fito zako, zile za kuishika ngozi kwa ndani, kutoka kwenye bati la aina ileile ya 5083. Nayo inapungua nguvu kwenye moto, ila kwa kiasi kidogo zaidi, na mchoraji mzuri hufanya hesabu zake kwa nguvu ile iliyobaki baada ya kuchomelea.

Waya wa kuchomelea uwe 5183 au 5356, unene wa milimita 1.2. Ule wa 4043 ambao maduka mengi huwa nao ni wa kutengeneza vifuniko vya injini na vyombo vya kusubu. Ukiutumia kwenye 5083, silikoni yake inaungana na magnesi ya bati na mshono unakuwa mkavu kama biskuti. Unaonekana mzuri, kisha unapasuka siku ya mawimbi.

Bati likifika kwa lori kutoka Nairobi, fungua mzigo siku hiyohiyo. Karatasi zikilaliana huku maji ya mvua yameingia katikati, zinaota madoa meupe ambayo ni kutu halisi, na ukiyaacha wiki chache yanachimba. Zisimamishe wima zikiegemea ukuta wa mbao, na vijiti katikati ili hewa ipite. Zisiguse sakafu ya saruji mbichi. Saruji na chokaa huila alumini.

Kuhusu vifaa, seremala anayejua kazi yake tayari anavyo nusu yake. Msumeno wa mviringo wenye meno magumu hukata 5083 bila shida ukipaka nta ya mshumaa kwenye bati, na randa ya umeme inanyoosha ukingo kuliko grinda yoyote. Grinda itumike kidogo, kwa diski za alumini tu. Diski iliyowahi kugusa chuma hupandikiza chembe za chuma ndani ya bati, na kila chembe itakuwa kidonda baadaye. Hali kadhalika burashi: ya waya wa stenlesi, mpya, iandikwe alumini na isiazimwe kwa mtu. Ikiwezekana, karakana hiyo isikate chuma kabisa kwa miezi hiyo, kwa sababu cheche husafiri mbali.

Mashine iwe MIG, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, ya ampea 200 au zaidi, ikiwa na bunduki iliyobeba roli ndogo ya waya, au yenye mrija wa plastiki na magurudumu ya mfereji wa umbo la U. Waya wa alumini ni laini. Ukiusukuma mita 4 kwenye mrija wa chuma utajikunja kama tambi ndani ya mashine. Gesi ni agoni tupu, lita 15 hadi 20 kwa dakika. Ile iliyochanganywa na kaboni dioksidi ya kuchomelea geti haifai hata kwa majaribio. Kwa mashua hii muda wa moto halisi ni saa 12 hivi, ukiwa na mataruma na fito ndani yake. Kwa lita 18 kwa dakika hizo ni lita 13,000, na mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa hadi baa 200 unatoa lita 10,000. Agiza mitungi 3, maana gesi nyingi hupotea kwenye kuanza na kusimama. Waya utakaobaki kwenye mashua ni kilo 10 hivi. Nunua roli 3 za kilo 7, kwa sababu mazoezi na mishono itakayokwanguliwa nayo yanakula waya.

Kwa umeme, ukitumia jenereta isiwe chini ya kVA 10. Stima ikikatika katikati ya mshono unabaki na kishimo pale ulipoishia, na ndani ya kishimo hicho huwa kuna ufa wa nyota. Usiendelee juu yake. Kwangua hadi upite ufa, kisha anza sentimita 2 nyuma.

Mashua inajengwa kichwa chini. Tengeneza kitanda cha mbao nzito au chuma, kisawazishwe kwa mpira wa maji, na juu yake usimamishe mataruma 12 au 13, moja kila milimita 600. Fito za milimita 40 kwa 6 zinapita kwenye mikato ya mataruma kila milimita 250. Neno fito nimelichagua kwa makusudi, kwani kazi yake ni ile ya fito kwenye nyumba ya udongo: taruma ni nguzo, fito ndizo zinazoshika ukuta. Ngozi ya mashua iguse fito, isiguse taruma. Acha nafasi ya milimita 10 hivi kati ya ukingo wa taruma na bati. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayozuia mbavu kutokeza, maana bati linapovutwa na moto lina mahali pa kwenda.

Kabla ya ubao wowote, laza ubao mwembamba wa msonobari juu ya fito na utazame kwa jicho moja kutoka omo hadi tezi. Bonde la milimita 3 linaonekana. Lirekebishe sasa, maana baadaye halirekebishiki.

Mbao zinapangwa kuanzia mkuku kwenda juu, upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu. Usimalize upande mmoja kwanza, utauvuta mkuku upinde kama ndizi. Karatasi zina mita 3, kwa hiyo kila ubao una viungo viwili vya kichwa kwa kichwa. Viungo hivyo visikae juu ya taruma wala katikati kabisa ya nafasi. Viweke robo ya nafasi, na kiungo cha ubao mmoja kisikaribiane na cha jirani yake kwa chini ya milimita 600. Pengo kati ya mbao liwe kati ya sifuri na milimita 1. Pengo la milimita 3 lililojazwa waya ni mvuto mara mbili, kwa hiyo tumia muda kwenye randa uokoe muda kwenye nyundo.

Shikiza kwa mishono mifupi ya milimita 20 hadi 25, kila baada ya milimita 100 kwenye mgeuko na 150 kwenye sehemu bapa. Anzia katikati ya ubao ukielekea ncha. Mishono mifupi zaidi ya hapo hupasuka yenyewe usiku bati likipoa. Mbao zote za pande zote mbili zishikizwe kwanza. Hapo ndipo kuchomelea kwa kweli kunapoanza, na hapo ndipo haraka inapowaponza watu.

Usichomelee mita nzima kwa mkupuo. Chomelea milimita 100, ruka milimita 400, chomelea tena 100, kisha hamia upande wa pili wa mashua ufanye vivyo hivyo. Kila kipande kielekee nyuma, yaani mwisho wake uishie pale kipande kilichotangulia kilipoanzia. Bati likiwa moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii juu yake, hama. 5083 haipendi kukaa muda mrefu juu ya nyuzi 65, magnesi yake inahama na kuiachia kutu mlango. Kwanza viungo vya vichwa, halafu mishono ya urefu, na fito zishikwe na ngozi mwisho kabisa, kwa vipande vya milimita 50 vyenye nafasi ya 100 katikati, kwa zamu kushoto na kulia mwa fito. Ukizifunga fito kwanza, ngozi haina pa kwenda.

Kwa milimita 5, anza majaribio kwenye ampea 160 hadi 190 na volti 22 hadi 24. Kwa milimita 4 shuka hadi 140 au 150. Bunduki isukumwe mbele ikiinama nyuzi 10 hadi 15, isivutwe kama wanavyofanya wengi kwenye chuma. Ukivuta, mshono unatoka na masizi meusi. Kasi ni kubwa kuliko mkono wa fundi wa chuma ulivyozoea, nusu mita kwa dakika au zaidi, kwa sababu alumini husambaza joto upesi na ghafla hutoboka.

Usafi una mpangilio wake. Futa kwa asetoni kwanza, kisha piga burashi. Ukipiga burashi kwanza unaisugua grisi ndani ya bati. Burashi inaondoa ngozi ya oksidi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 wakati alumini yenyewe inayeyuka kwa 660 au chini ya hapo. Ukiiacha, mshono unakaa juu bila kushikana. Grisi, jasho na unyevu vinaleta hidrojeni, na hidrojeni ndiyo mama wa vitundu.

Hapa kwetu unyevu na upepo ndivyo vinavyopanga ratiba ya siku. Asubuhi bati lina umande hata ndani ya banda. Alasiri upepo wa ziwa unaingia kutoka Ghuba la Winam na kuipeperusha agoni bila fundi kugundua, kisha mshono unatoka umejaa vitundu kama mandazi. Saa za kuchomelea ni kuanzia saa tatu asubuhi, bati likishakauka, hadi saa sita au saba. Mchana fanya kazi ya kukata, kunyoosha na kushikiza nyuma ya turubai. Masika ya Machi hadi Mei ningeyaacha kwa kukata mataruma tu.

Mishono ya nje ikiisha, geuza mashua. Kilo 500 au 600 za bodi tupu, vijana 12 na magurudumu ya gari vinatosha. Ndani sasa unakwangua kila mshono kwa msumeno mdogo wa mviringo hadi uone alumini inayong'aa bila mstari mweusi wala kitundu. Mstari mweusi maana yake mbao mbili bado hazijaungana. Kwangua tena. Kisha chomelea ndani kwa mpangilio uleule wa kurukaruka.

Kabla ya hayo yote, kila fundi atakayeshika bunduki achomelee vipande viwili vya milimita 5, abane kwenye jiriwa na kuvipiga nyundo hadi vivunjike. Ukiona vitundu au rangi ya kijivu isiyong'aa kwenye mvunjiko, hajawa tayari, hata awe na miaka 20 ya madirisha na mageti.

Kupima kuvuja ni rahisi. Nje paka unga wa chaki uliokorogwa kwa spiriti, ukauke. Ndani pitisha mafuta ya taa kwenye mishono kwa burashi. Subiri nusu saa. Mafuta ya taa yanapita mahali ambapo maji hayapiti, na doa litaonekana kwenye chaki. Usitumie chokaa badala ya chaki, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Safisha mafuta yote kabla ya kurudia mshono.

Kwa mkuku, magugumaji ya Winam yanadai ubao wa kuinuka unaozunguka kwenye pini, maana mkuku mrefu ulionyooka chini hukusanya shehena ya magugu na kina cha ghuba ni kifupi. Farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, ya risasi kilo 700 inakaa ndani chini ya mbao za sakafu, na ujazo wake ni lita 62 tu. Iyeyushe na kuimwaga kwenye kalibu za chuma nje ya mashua, kisha ulaze vipande hivyo ndani ya gundi ya epoksi. Risasi isigusane na alumini, na isimwagwe ikiwa ya moto ndani ya bodi.

Kwenye maji baridi ya ziwa, vipande vya kujitolea kuliwa na kutu viwe vya magnesi. Zinki ni ya maji ya chumvi. Boliti za stenlesi zitengwe kwa washa za nailoni, vali za shaba zisiguse bodi, na waya hasi wa betri usifungwe kwenye bodi kama kwenye gari. Rangi ya kuzuia mimea yenye shaba isitumike kamwe chini ya maji.

Na wavuvi wanaopikia chomboni: jivu la kuni likilowa ni magadi makali, na likikaa chini ya sakafu litatoboa bati la milimita 5 kutoka ndani huku nje kukiwa kuzima. Jiko likae ndani ya sinia la chuma cha pua, na jivu liondoke siku hiyohiyo. Inua mbao za sakafu kila mwezi uangalie kile kidimbwi cha nyuma karibu na tezi, maana ndiko kila kitu kinakoteremkia.